Aliyetoka Kifungoni Asifungwe Tena

Somo la mwezi huu kwa vijana, wazazi na wazee wa kanisa



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya jambo ambalo vijana wetu hulijua kuliko sisi wazee. Ziko hadithi za mapenzi zilizochanganywa na hofu, nazo husomwa sana siku hizi, nyingine katika vitabu, nyingine katika simu za mkononi. Habari zake zafanana. Msichana amelelewa katika kundi la imani potofu, chini ya kiongozi mkali ajiitaye mtumishi wa Mungu. Usiku mmoja anatoroka. Njiani anakutana na kijana hodari, naye anamficha. Kama hadithi ingeandikwa kwetu, bila shaka kijana huyo angekuwa askari wa Hifadhi ya Mikumi, ajuaye kila njia ya porini. Yule kiongozi anatuma watu wamtafute msichana, msomaji anashika roho mkononi, na mwisho mwovu anashindwa. Ukurasa wa mwisho ni arusi.

Hatuandiki somo hili ili kuzikataza hadithi hizo. Lugha yetu imekuwa na hadithi za mashaka tangu zamani, na nyingine zina mafundisho mema. Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilichotoka mwaka 1960, alieleza habari za mauaji yaliyotokea penye mzimu uliogopwa na watu. Bwana Msa, mpelelezi wake, hakuuogopa mzimu. Aliwatafuta wanadamu waliotenda jambo lile. Hilo ni funzo kubwa: mahali paitwapo patakatifu paweza kuwa maficho ya uovu wa mtu, na akili ni kipawa cha Mungu cha kututoa katika hofu.

Lakini hadithi za siku hizi zina neno moja ambalo si kweli, nalo laweza kumdhuru mtu aliye hai. Zatuambia ya kuwa mtu akiisha kutoroka na kupendwa, amepona. Basi swali la somo letu ndilo hili: mtu aliyetoka katika kundi la namna hiyo apokewe namna gani, hata upendo wetu usiwe kifungo chake cha pili?

I. Jinsi mtu afungwavyo

Kwanza tujue kundi potofu hufunga kwa kitu gani. Wengi hudhani hufunga kwa ukuta na walinzi. Twaweza kujifunza zaidi kwa habari mbili za nchi jirani.

Habari ya kwanza ni ya Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Palikuwa na kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, na wakuu wake walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padre Dominic Kataribabo. Washiriki wake waliuza mali zao, wakaenda kukaa pamoja. Walizuiwa kusema, wakawasiliana kwa ishara za mikono. Hata mume na mke walitengwa. Waliambiwa ya kuwa dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ukapita, jua likachomoza kama desturi yake. Ndipo tarehe 17 Machi 2000 watu mamia wakateketea katika nyumba yao ya ibada, ambayo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Baadaye maiti wengine walifukuliwa katika nyumba nyingine za kundi hilo. Waliokufa wote walikadiriwa kupita 700.

Habari ya pili ni ya Shakahola, msitu ulio bara ya Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, nchi ya Kenya. Mwezi wa Aprili 2023 serikali ilianza kufukua makaburi huko, na kwa muda wa miezi michache maiti zaidi ya 400 walipatikana, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Ilisemwa ya kuwa watu walifundishwa kufunga chakula mpaka kufa, ili wamwone Yesu. Mhubiri Paul Nthenge Mackenzie alishtakiwa, naye akakana mashtaka. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa mahali paitwapo Kwa Binzaro, katika kaunti ileile.

Ndugu, angalieni vema. Kabla misumari haijapigiliwa mlangoni, vifungo vingine vilikuwa vimekwisha kukatwa. Mtu alitengwa na mali yake, hata akakosa nauli ya kurudi. Alitengwa na jamaa zake, akakosa wa kumwendea. Huko Kanungu alitengwa na mwenzi wake na hata na ulimi wake mwenyewe. Mtu asiye na wa kumwambia, "Je, mambo haya ni sawa?" atasikia sauti moja tu, na sauti ile ataidhania kuwa ni ya Mungu. Hivyo ndivyo mtu afungwavyo: hukatwa kila uzi umwunganishao na wenzake, ukabaki mmoja, nao umeshikwa na kiongozi.

II. Kutoka si kuwa huru

Sasa tuje kwenye jambo lisiloandikwa katika hadithi. Wale waliotolewa hai katika msitu wa Shakahola walipelekwa mahali pa kutunzwa. Walipewa chakula, baadhi yao wakakikataa. Mwezi wa Juni 2023 watu 65 miongoni mwao walifikishwa mahakamani kwa shtaka la kujaribu kujiua, kwa sababu hawakutaka kula. Wako waliolaumu shtaka hilo, wakisema ya kuwa watu hao walistahili kutibiwa, si kushtakiwa.

Fikirini jambo hilo kwa utaratibu. Msitu uko mbali, kiongozi amekamatwa, chakula kiko mbele yao, wala hakuna awazuiaye. Hata hivyo mkono haukiendei chakula. Mwili umetoka, moyo ungali msituni. Nasi tusishangae kana kwamba jambo hili ni geni, maana Maandiko yatueleza habari za wana wa Israeli, jinsi walivyovuka bahari kwa muujiza, kisha wakazitamani sufuria za Misri. Palihitajika usiku mmoja kuwatoa Misri, na miaka arobaini kuitoa Misri ndani yao.

Sababu yake yafahamika. Mtu aliyekaa miaka mingi akiamriwa ale nini, avae nini, aseme na nani, amlie nani na asimlie nani, amesahau kazi ya kuchagua. Akiisha kutoka, huona kizunguzungu kama mtu aliyekaa gizani akatolewa juani. Hapo humtafuta upesi mtu wa kumwambia la kufanya. Akisikia sauti imara, huifuata. Sauti hiyo yaweza kuwa ya mwovu mwingine. Yaweza pia kuwa ya kijana mwema ampendaye, au ya mchungaji, au yetu sote.

III. Mpenzi asiwe kiongozi mpya

Tutoe mfano, wala si habari ya mtu tunayemjua. Mikumi iko juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa mpaka Zambia, na Kilosa ina stesheni ya reli. Kwa hiyo wageni hupita kwetu kila siku. Tuseme usiku mmoja msichana ashuka Mikumi na kifurushi kidogo, wala hajui aendako. Mama mmoja wa kwaya amchukua nyumbani. Siku zapita, yajulikana ya kuwa ametoroka kundi potofu. Usharika wamhurumia. Baada ya miezi miwili kijana mmoja wa Kilosa, mwenye kazi na tabia njema, amwona na kumpenda. Watu wafurahi, wasema, "Tazama, Mungu amempa kwao." Wazee wamwita msichana, wamwuliza, "Binti, wamtaka kijana huyu?" Naye ainamisha kichwa, ajibu, "Kama ninyi wazee mnavyoona vema."

Neno hilo latupendeza masikioni. Twaliita adabu. Lakini mtu aliyelelewa kwa hofu amelisema neno hilohilo maisha yake yote. Ndilo lililomweka mahali alipotoka. Yawezekana hatujasikia kibali chake. Tumesikia desturi ya kifungo chake. Nasi tukipiga vigelegele siku ile, twaweza kuwa tumempeleka kutoka nyumba moja ya utumwa mpaka nyingine, iliyopambwa maua.

Basi, ninyi vijana wanaume, mkimpenda mtu wa namna hii, jipimeni kwa maneno yenu wenyewe. Yule kiongozi alimwambia, "Usiwaendee jamaa zako, hawakufahamu." Wewe je, wapendezwa akiwa peke yake nawe? Alimwambia, "Pasipo mimi utapotea." Wewe je, wajisifu kwamba pasipo wewe angekufa? Alitaka kujua kila aendako na kila asemaye naye. Wewe je, waipekua simu yake na kuiita kazi hiyo ulinzi? Alimharakisha, akisema siku zimekwisha. Wewe je, wasema arusi isingoje?

Katika hadithi, kijana hodari husema hatamwacha msichana atoke machoni pake, nasi wasomaji twafurahi. Lakini msichana huyu amekwisha kukaa chini ya macho ya namna hiyo. Anahitaji kuona ya kuwa aweza kutoka asubuhi, asimwage mtu, akarudi jioni, wala asiulizwe kwa ukali.

Mpenzi wa kweli hujulikana kwa alama nyingine. Huunga tena nyuzi zilizokatwa: amsaidia kumpigia simu mama yake, afurahi akipata rafiki, amtia moyo ajifunze kazi na ajiwekee fedha zake. Aweza kungoja. Na siku msichana atakapomwambia kwa mara ya kwanza, "La, sitaki," asinune wala asihuzunike. Na amshukuru Mungu, maana siku hiyo amesikia sauti yake mwenyewe. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema la si ndiyo.

Tumesema habari za msichana, lakini na mwanamume aliyetoroka yampata hayo hayo, na mwanamke ampendaye ajipime vivyo hivyo.

IV. Mshenga, mjomba na sheria

Desturi zetu zaweza kutusaidia hapa, tukizitumia kwa akili. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno katika mambo ya mpwa wake. Tena posa haiendi kwa mdomo wa kijana mwenyewe. Huenda kwa mshenga. Maana ya desturi hizo ni kwamba binti asisimame peke yake mbele ya watu wanaomtaka. Yuko mtu wa upande wake, awezaye kuuliza maswali magumu na kuchelewesha jambo.

Mtu aliyetoroka hana mtu huyo. Pengine mjomba wake, na mama yake pia, wangali ndani ya kundi lile. Basi usharika umpe mama mmoja mwenye busara, aliyechaguliwa na yeye mwenyewe, awe wa upande wake kabisa. Asiwe ndugu wa kijana, wala asiwe mtu atakayejivunia arusi hiyo. Kazi yake ni kumwuliza faraghani mara nyingi, si mara moja, naye awe tayari kuwaambia wazee, "Bado."

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka kila mmoja akubali kwa hiari yake, tena yataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla ya kufungwa. Ni sheria njema. Lakini tusidhani ya kuwa siku 21 zatosha kwa moyo. Hizo ni za karatasi.

Tena tujihadhari na kosa la upande wa pili. Turudi Uganda, safari hii kaskazini. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa Joseph Kony, aliyedai kuongozwa na roho, waliwachukua wasichana 139 wa shule ya Mtakatifu Maria huko Aboke. Mtawa mmoja, Rachele Fassera, aliwafuata porini, akarudishiwa 109. Wasichana 30 wakabaki. Walitolewa kwa nguvu kuwa wake wa wakuu wa waasi. Wengine walikufa. Wengine walitoroka mmoja mmoja kwa muda wa miaka mingi, na baadhi yao walirudi na watoto. Waacholi wana desturi ya kumpokea mtu aliyekuwa mbali: akanyaga yai mbele ya mlango wa nyumbani kabla ya kuingia, iwe dalili ya kuwa sasa yu wa nyumba ile. Wengi waliotoka kwa Kony walipokewa hivyo. Hata hivyo wako waliosengenywa kisimani na kuitwa majina mabaya, na watoto wao wakakataliwa.

Basi kumkataa mtu kwa sababu ya alikotoka, na kumharakisha aolewe ili habari ikwishe, ni makosa mawili yenye mzizi mmoja. Yule wa kwanza amwona kuwa ni aibu, wa pili amwona kuwa ni shida ya kutatuliwa. Wote wawili hawajamwona mtu.

V. Yatupasayo kufanya

Mtu wa namna hii akija kwetu, na tufanye hivi:

1. Kwanza apewe chakula, mahali pa kulala penye komeo kwa ndani, na ukimya. Asisimamishwe kanisani kutoa ushuhuda Jumapili ya kwanza. Huko alikotoka alilazimishwa kusema yaliyowapendeza wakuu. Sisi tusiwe wa pili.

2. Asitangazwe. Msimpige picha na kuituma katika simu, wala msitaje sokoni na stendi anapokaa. Hatari ya kufuatwa si jambo la hadithi tu. Mambo ya hatari yapelekwe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa afisa wa ustawi wa jamii. Ikiwa ni habari ya mtoto, pigeni simu namba 116.

3. Apelekwe hospitali, kwa mganga wa mwili na kwa mtu aliyejifunza kutibu mioyo iliyojeruhiwa. Maombi hayakatazi dawa. Aliyesema yanakataza ndiye tuliyemkimbia.

4. Asaidiwe kupata vitambulisho vyake, navyo avitunze mwenyewe. Fedha yake iwe mkononi mwake, hata ikiwa ni kidogo.

5. Aachiwe mambo madogo ya kuchagua kila siku: chakula, nguo, saa ya kulala. Mambo hayo madogo ndiyo shule yake.

6. Aruhusiwe kuuliza juu ya imani yetu pia, hata maswali ya kutuudhi. Na asipotaka kuja kanisani kwa kitambo, asinyimwe chakula wala uso wa furaha. Neno hili latuhusu sisi tulio na kazi ya kufundisha. Mchungaji au mwinjilisti asiyevumilia kuulizwa amekwisha kuanza safari ileile iliyofika Kanungu, ijapokuwa hajafika mbali.

Mwisho

Ninyi vijana mnaopenda kusoma hadithi hizi, na pengine kuziandika, twawaomba jambo moja. Andikeni sura inayofuata baada ya mwovu kushindwa. Andikeni habari za msichana aliyekaa mezani nyumbani kwa mama mmoja wa Kilosa, akaulizwa, "Mwanangu, wataka wali au ugali?" Akatazama chini, akangoja kuambiwa. Hakuambiwa. Yule mama akangoja naye, sufuria zikipoa, mpaka msichana akasema kwa sauti ndogo, "Wali." Sura hiyo haina bunduki wala mbio, lakini humo ndimo amekombolewa. Na kama yuko kijana ampendaye, mwandikeni akiwa nje barazani, akingoja bila kunung'unika. Arusi ikija, itakuja kwa miguu yake yenyewe.

Maswali ya kujibu katika makundi

1. Kabla ya milango kupigiliwa misumari, ni vifungo gani vilivyokatwa kati ya washiriki wa Kanungu na watu wengine? Je, katika kundi lolote mlijualo kuna kifungo kinachokatwa?

2. Kwa nini baadhi ya watu waliookolewa Shakahola walikataa chakula? Ninyi mngewaambia nini, na mngenyamaza kwa habari gani?

3. Binti wa mfano wetu alijibu, "Kama ninyi wazee mnavyoona vema." Wazee wangemjibuje?

4. Katika usharika wenu, ni nani awezaye kuwa mtu wa upande wake mgeni asiye na mjomba?

5. Je, katika usharika wenu mtu aweza kumwuliza mchungaji swali gumu bila kuogopa? Mchungaji na awe wa mwisho kulijibu swali hili.

Mungu, ambaye huwatoa watu wake utumwani wala hawafanyi watumwa wa mwingine, awape mikono miororo na masikio yasiyo na haraka. Kwaherini hata mwezi ujao.